Nilivyoweza kumwambia Muingereza "neno hili halijakaa sawa" bila kumkwaza

Nafanya kazi kampuni ya utalii hapa Arusha, na kazi yangu mojawapo ni kupitia maelezo ya safari yanayoandikwa na wenzetu walioko Uingereza kabla hayajaenda kwa wageni. Wanaandika vizuri mno ila nchi hawaijui kama sisi, unakuta Kilimanjaro umeitwa "extinct volcano", yaani volkano iliyokufa, wakati kilele chake cha Kibo kimelala tu, vilivyokufa ni Shira na Mawenzi. Hiyo huwezi kuinyamazia. Sasa unaisemaje?

Kiswahili hakina shida, unamwambia mtu "bora uandike hivi" na maisha yanaendelea. Ukiipeleka kwenye kiingereza hivyohivyo, "you better write", imeshakuwa kitisho, ni kama umemwambia andika hivi la sivyo utaona. Na "this is wrong" ni kweli kabisa lakini mtu anaanza kujitetea badala ya kusoma ulichomwambia.

Kilichonitoa ni kusoma komenti zao wao kwa wao, wanavyorekebishana, kila ninayoipenda naiandika pembeni. Nikagundua hawagusi neno la mwenzao, wanaleta lingine wanaliweka mezani afu wanamuachia mwenyewe achague. "Would 'dormant' be more accurate here?", dormant yaani iliyolala. Imekaa kiswali ila ujumbe umefika, na hii ndo naitumia sana pale ambapo jambo lina ukweli wake unaojulikana.

Ngorongoro ilinipa kazi kidogo maana jina lenyewe la kiingereza ni Ngorongoro Crater na huwezi kulifuta, ila ukifika pale panapoelezwa ilivyotokea, mlima mkubwa wa volkano ulijiporomokea wenyewe zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita ukaacha bonde lenye sakafu ya kilomita za mraba kama 260, pale neno lake ni caldera. Nikaandika "geologically, it's better described as a caldera". Naipenda sana hii "better described as" kwa sababu haisemi crater ni uongo, inasema lipo neno linalofaa zaidi.

Kwenye mambo ya heshima nabadilisha. Waliandika "Maasai costume", na costume kwa kiingereza cha leo inanuka maigizo, mtu amevaa ili atazamwe, wakati shuka mzee anaamka nalo anachunga nalo. Ukisema "accurate" hapo unasikika kama mwalimu anayesahihisha daftari, so naandika "I wonder if 'dress' might be a better fit" afu sentensi moja tu ya sababu, shuka ni nguo ya kila siku. Hiyo sababu usiiache jamani, ndo inayomfanya akubali.

Halafu ile "I suggest you to change" tunayoipenda wengi wetu, kiingereza hakiikubali, sema "I'd suggest changing it to" au kwa kifupi "I'd suggest 'dress' instead", inatosha.

Na kuna pale majina yote mawili yanatakiwa kubaki, kama bonde la Olduvai, ambalo wageni wamelizoea hivyo japo Wamaasai wanasema Oldupai, yaani katani pori inayoota pale bondeni. Hapo napendekeza "Olduvai, or more properly Oldupai", na sasa wanaiandika hivyo wenyewe kabla sijafungua faili.