Ninachotaka Kukisoma kwa Kichina Kabla ya Kuhitimu

Muhula mpya umeanza, na mwalimu wetu wa Kichina amemtaka kila mmoja wetu aandike anachokusudia kujifunza kabla ya kuhitimu. Wengi darasani wameandika daraja wanalolilenga katika HSK, mtihani wa kimataifa wa Kichina. Jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa hapa Nairobi, ilikofunguliwa Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika mwaka 2005, cheti hicho humsaidia sana anayeomba ufadhili wa masomo au kazi ya ukalimani. Mimi pia najiandaa kwa daraja la nne, lenye msamiati wa maneno 1,200 kwa mpangilio ulioanza mwaka 2010. Hata hivyo, sikuliandika kuwa lengo langu, kwa sababu peke yake halinifikishi kwenye maandishi yaliyonifanya nilichague somo hili.

Maandishi hayo ni ya Fei Xin, askari aliyesafiri na misafara ya baharini ya Zheng He, amiri wa China, na kuandika kitabu chake mwaka 1436. Ndani yake mna habari za Mogadishu na Barawa, miji ya pwani ya Somalia, zikiwemo nyumba za mawe zenye ghorofa nne au tano. Sisi watu wa pwani tumekisikia sana kisa cha twiga aliyetolewa Malindi na kupelekwa kwa Yongle, mfalme wa China, mwaka 1415, lakini karibu yote tunayoyajua kuhusu safari hizo yametufikia kupitia Kiingereza, na naamini mwanafunzi wa chuo kikuu hapaswi kuridhika na hali hiyo.

Kazi yenyewe ni nzito. Vitabu vya wakati ule vilipangwa kwa safu za wima zinazosomwa kuanzia kulia, tena kwa Kichina cha kale, ambacho hubana maana nyingi katika maneno machache. Herufi nazo ni zile za kabla ya kurahisishwa: ile ya farasi, ambayo darasani tunaiandika kwa mistari mitatu ya kalamu, ina mistari kumi katika umbo lake la zamani, na hiyohiyo hukaa upande wa kushoto wa herufi zote mbili za neno ngamia. Jana usiku niliiandika ukurasa mzima, nikifuata utaratibu wa kila mstari, mpaka mkono ukaacha kusita.

Kuzungumza sikupuuzi. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960, na ningependa kupata mwanafunzi wa huko anisahihishe toni, nami nimsahihishe ngeli.

Kwenye fomu nimeandika kwamba nataka kuhitimu nikiweza kuzisoma, kwa msaada wa kamusi, kurasa za Fei Xin zinazohusu pwani yetu, na kuzifafanua kwa Kiswahili. Ratiba yetu haina kozi ya Kichina cha kale, kwa hiyo nimemwomba mwalimu atutengee saa moja kila wiki. Wenzangu wawili wamekubali kujiunga, na tutaanza na habari za Barawa.