Jinsi nilivyompata fundi wa kupaua wa kuaminika

Masika ya kwanza ndani ya nyumba yetu Kibaha tulilala na ndoo tatu sebuleni. Fundi aliyepaua alishachukua hela yote, na simu hapokei tena.

Safari hii sikuanza na bei. Mvua kubwa ilipokatika nilizunguka mtaani, nikabisha hodi kwenye nyumba zilizopauliwa miaka mitatu au zaidi iliyopita. "Shikamoo mama, paa lenu linavuja? Nani aliwapaulia?" Nyumba mbili zikanitajia fundi mmoja. Nikamwita.

Alipofika hakutaja hela. Alipanda ngazi, akakaa juu karibu nusu saa, akashuka na msumari mkononi. "Unaona, kaka? Umepigwa bondeni, maji yanapita hapo hapo. Na hauna mpira wa kuzuia maji." Msumari wa bati hupigwa mgongoni, pale mkunjo wa bati ulipoinuka, si bondeni maji yanapopita. Kofia nazo, yale mabati yanayofunika kilele cha paa, hazikuwa na upana wa kutosha, upepo ukivuma unasukuma maji ndani.

Tuliandikishana mbele ya mjumbe: vifaa nanunua mwenyewe, ufundi nalipa kwa awamu tatu, ya mwisho mvua ikishanyesha. Fundi anayekataa sharti hilo mwache aende zake. Upande uliotobolewa vibaya tulibadilisha mabati, nikachukua geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati). Geji 30 ni nyembamba zaidi, kwa hiyo soma maandishi kwenye kila bati kabla halijapakiwa garini.

Juzi imenyesha usiku kucha. Asubuhi nilipapasa dari yote kwa kiganja. Kavu.