Nilivyotibiwa dipresheni Mombasa kwa pesa za tuktuk

Oa wa pili. Umefanyiwa kijicho, tafuta kombe, zile aya zilizooshwa kwa maji, unywe. Tafuna muguka, yale majani ndugu ya miraa, usahau. Huo ndio ushauri niliopewa barazani, tena na watu wazima wenye wajukuu. Huyu wa muguka alikuwa akininunulia mwenyewe; nakesha macho makavu hadi adhana ya alfajiri, kisha kesho yake ananiuliza mbona silali. Kaunti ilipoupiga marufuku mwaka 2024 nilifurahi kimoyomoyo, mahakama ikasitisha ile amri na mzee akarudi na mfuko wake.

Sasa kila baba ninayemweleza kwamba nilitibiwa dipresheni hunijibu kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Nyali. Basi nisikilizeni, maana huko Nyali nako nilifika.

Nilikuwa karani kwenye yadi ya makontena Changamwe. Mizigo ilipoanza kupandishwa treni ya SGR kwenda bara moja kwa moja, yadi ikapunguza watu na mimi nikiwemo. Nikashika tuktuk ya mtu, ambayo kila jioni mwenyewe lazima apate chake, umebeba hukubeba. Katikati ya hayo mtoto wa tatu akazaliwa. Sikulia wala sikujifungia. Nilikuwa mkali tu. Mama watoto ndiye aliyenambia, "Baba, watoto washaujua mlio wa tuktuk yako. Ukikata kona tu, wanaingia chumbani."

Ndipo shemeji yangu mmoja mwenye kazi nzuri akanipeleka kwa mshauri wa kulipia. Elfu tatu kwa saa, na hapo tumepunguziwa. Chumba kina kiyoyozi, kochi jeupe, na saa ya ukutani inayonitazama usoni. Mimi ni mtu wa hesabu: elfu tatu kwa saa ni hamsini kwa dakika, yaani abiria mmoja wa karibu. Dakika za mwanzo zikaishia kwenye fomu. Abiria kadhaa hao, wamekwenda. Halafu bibi yule, kwa upole kabisa, akanyamaza akingoja niseme. Na mimi nikanyamaza nikingoja aulize. Mwanamume wa Kisauni haanzi tu kumwaga ya nyumbani kwa mtu asiyemjua! Tukatazamana. Abiria anashuka, abiria mwingine anashuka. Nilipoona tuktuk nzima imeshuka bila kulipa nikaanza kusema mbio mbio, naye akanijibu kwa Kizungu kirefu. Kizungu nakijua, nimejaza makaratasi ya forodha miaka mingi, lakini machungu yangu hayakusomea huko. Niliondoka nikiwa na mawazo mapya kabisa: unga wa wiki nzima umeishia kwenye kiyoyozi.

Aliyenifungua macho ni muuguzi wa zahanati ya mtaani, siku niliyompeleka mtoto chanjo. Alinitazama mimi badala ya mtoto, akasema, "Na wewe baba, unalala?" Akaniambia niende kitengo cha afya ya akili Port Reitz.

Nyinyi mnajua Port Reitz ilivyo midomoni mwa watu wa hapa. Ukimwambia mtu "wewe ni wa Port Reitz" mtashikana mashati. Lakini Mungu si Athumani, hospitali ile iko upande mmoja na eapoti. Basi nikawaaga steji, "Naenda eapoti, kuna mzigo." Uongo mtamu huo, kwa sababu ni wa mtu mwenye mambo yake. Heshima ikapanda! Wakaanza kuniita ajenti. Tatizo likaja jirani aliponiomba nimuulizie kifurushi cha mwanawe kutoka Dubai, na kila nikirudi yuko mlangoni ananingoja. Nikamwambia forodha wamekikalia. Akaamini, si ndiyo kawaida yao? Hadi kifurushi kikaja chenyewe kwa basi, na nikashukuriwa kwa kufuatilia.

Kule ndani hakuna kioja. Foleni, kadi, benchi. Daktari akaniuliza maswali tisa ya wiki mbili zilizopita, kila moja alama sifuri hadi tatu. La sita linauliza kama unajiona umeiangusha familia yako. Hapo nilitazama dirishani kwa muda. Jumla ya juu ni 27, na ikipanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Yangu ilikuwa kati ya 15 na 19, na shuleni sikuwahi kupata alama nzuri kiasi hicho. Alinieleza kuwa tafiti za nchi nyingi zikijumlishwa, kama baba mmoja katika kumi hupata dipresheni mtoto anapozaliwa au karibu na hapo, na wengi wetu hutoka na hasira badala ya machozi.

Kadi na dawa za mwezi, vyote pamoja na nauli, havikufika nusu ya ile saa ya Nyali. Ulizeni dawa kwa jina lake halisi, si jina la kampuni, bei hushuka sana. Ila msitegemee miujiza: huchukua wiki mbili hadi nne kushika, na mwanzoni tumbo lilinichafuka hata chai siitaki. Ukipata nafuu usiache ghafla kwa kujiona shujaa, rudi ukaulize. Na muguka uache kwanza, la sivyo unavuta kamba pande zote mbili.

Mazungumzo niliyapata kwa mwanafunzi wa ushauri nasaha. Hao wanahitaji kutimiza saa zao za mafunzo chini ya msimamizi, kwa hiyo wanakusikiliza bure au kwa hela kidogo, na wa kwangu alizungumza Kiswahili cha nyumbani. Ulizeni hospitalini na vyuoni. Wao wanatafuta watu kama sisi wanavyotafuta abiria.

Usiku ukizidiwa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikati salio. Jamaa wa steji alikosa pa kupigia, nyumba yao ni chumba kimoja na watu sita. Nikampakia, nikaegesha pembeni Mama Ngina, akapiga akiwa kiti cha nyuma. Mimi nikatoka nje nikajifanya nakagua tairi. Saa nzima nakagua tairi moja, hadi mwuza mihogo akaniuliza kama nina spea.