Dagaa wangu, Kinshasa na ile arubaini

Kutoka Dar mpaka Tunduma sina la kusimulia, na Zambia nimeipita nimelala. Kilichonikalisha kitako kuandika ni zile kilomita 90 hivi za mwisho, kati ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo ya Kinshasa, na mji wa Lubumbashi. Zilinitafuna pesa kuliko njia nzima, na wallahi sijapata kusikia mabishano ya serikali kuu na mkoa yakifanywa juu ya magunia ya dagaa.

Wakongo tunawajua sisi tunaouza dagaa wa Zanzibar. Wanakuja mpaka madikoni kwetu Unguja, wanasimama penye majungu ya kuchemshia, wanaonja chumvi, wanalipa taslimu. Safari hii mteja wangu, mama mmoja mwenye meza soko la Kenya (ndiyo, Lubumbashi kuna mtaa mkubwa unaoitwa Kenya), alikuwa na mgonjwa nyumbani, hakuweza kusafiri. Tukapatana nimpelekee mwenyewe, gharama za njiani tugawane tukifika. Nikapata nafasi kwenye lori la Mtanzania mwenzangu. Kiti cha utingo hakina sponji. Nimemaliza.

Karatasi za mpakani zilikwisha, tumelipa, tumegongewa mihuri, tumeambiwa twende salama. Hatujenda mbali tukakuta kamba imefungwa baina ya mapipa mawili. Penye pipa la kulia alisimama kijana wa shati jeupe, muhuri mkononi. Penye pipa la kushoto alikaa mtu mzima wa kapelo, juu ya kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umeungwa kwa waya. Kila mmoja na kitabu chake cha risiti.

"Samaki imetoka inchi ya inje," alisema wa shati jeupe bila kuniangalia. "Kitu ya inje iko ya Leta." Leta kwao ni serikali kuu.

"Na barabara anapita iko ya nani?" akajibu wa kapelo. "Alipe provensi."

Nikatoa karatasi zangu za mpakani. Wakazisoma wote wawili, wakanirudishia, wakaendelea. Dereva alizima injini, akavuta kofia usoni. Hapo ndipo nilipojua kuwa tutakaa.

Walibishana mpaka kivuli cha lori kikahama upande. Kijana alisema ushuru wa bidhaa za nje ni kazi ya serikali kuu na mkoa hauna ruhusa kuugusa. Mtu mzima alisema yeye hagusi ushuru, yeye anatoza njia, na njia isipotozwa haitapitika. Kijana akataja sheria. Mwenzake akainuka kitini, na kiti kikaanguka.

"Unaniletea sheria? Soma basi ile ya arubaini! Kinshasa ingekuwa inatuachia arubaini yetu, mimi ningekuwa natafuta nini hapa kwenye jua, kuchungulia gunia za watu?"

Kijana hakuwa na jibu, au alikuwa nalo akaona si la kusemwa mbele ya wageni. Akakata kamba ya gunia moja, akachopoa dagaa, akamng'ata kichwa, akatafuna taratibu. "Iko na chumvi mingi," akasema. Mtu mzima naye akachukua konzi yake. Kisha akaja wa tatu kwa baiskeli, na daftari la shule lililopigwa mistari kwa mkono, akasema ardhi tuliyosimama ina chifu.

Nililipa kote kutatu. Nilipotoa noti ya dola 20 wakaigombea tena, lakini namna nyingine: wa kwanza akaipandisha juani, akaona mchaniko usiozidi ukucha wa mtoto, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, wa tatu akanirudishia. Huko dola yenye mchubuko si pesa. Katika saa zote zile, hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana.

Arubaini yenyewe utingo alinieleza njiani, na nilivyofika mjini nikaona haihitaji kuelezwa na msomi, kila mtu anaijua kama matokeo ya mechi. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 175, inasema mikoa ipate asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena ikatwe palepale yanapokusanywa, kabla zilizobaki hazijasafiri kwenda makao makuu. Kwa vitendo hela zinapanda Kinshasa zote kwanza, kisha kinachorudi kinarudi kwa kadiri wakubwa walivyoamua na siku walipotaka. Mkoa uliokosa fungu lake unageukia barabara, soko na gunia la Mzanzibari. Tangu hapo yule wa kapelo sikumchukia tena, ingawa pesa yangu naililia mpaka leo.

Mama wa dagaa alinipa chumba kwao Katuba, nikashukuru, maana nyumba ya wageni niliyoulizia mjini ilitaka dola kwa kitanda kisicho na chandarua na maji ya ndoo. Baba mkwe wake ni mzee aliyefanya kazi migodini tangu ujana. Alipunguzwa kazi katika ule mpango wa 2003, Benki ya Dunia ilipogharamia kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mzee huyu ndiye aliyezila siku zangu. Soko sikulizunguka, mnara wa kiwanda na kile kilima cheusi cha masalia ya shaba nimevitazama kwa mbali tu, kwa sababu kila nikitaka kutoka aliniambia, "Kaa kwanza, muzuri yangu, iko bado kitu."

Usiku wa kwanza umeme ulikatika tukiwa tunakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Mzee hakusita hata tonge. Alisema kuna waya unatoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya magharibi, mpaka huku kwenye migodi, kilomita 1,700 na zaidi. Uliisha kujengwa 1982, enzi za Mobutu, wakati mkoa huu wa Katanga ulipokuwa ukiitwa Shaba. Njiani unapita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja. "Unajua sababu gani walivuta mbali vile, na hapa mito iko?" akaniuliza. "Juu swichi ibakie kwao." Tshombe, kiongozi wa huku, aliitenga Katanga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, na ikachukua mpaka Januari 1963 kurudishwa. Kwa mzee, waya ule ulikuwa kamba ya mbuzi.

Mie nilinyamaza gizani, maana nilikuwa nimeshafika kwetu. Unguja umeme wake unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwisho wa 2009 ulipokufa tulikaa gizani miezi mitatu mpaka Machi 2010, na barazani hakuna aliyezungumza ufundi. Kila mtu alizungumza swichi.

Asubuhi yake akanigawia mgodi kwa bukari iliyolala. Alilikata donge moja mapande manne pembeni mwa sahani. Tangu sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018, mrabaha wa shaba na kobalti, yaani fungu linalolipwa na wachimbaji, unagawiwa hivi kwa mia: 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 eneo lenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Na siku hizi, alisema, kila mmoja analipwa moja kwa moja, haingojwi Kinshasa irudishe. Nikasema basi mambo yamekuwa mazuri. Akalichukua pande la Kinshasa, kubwa kuliko yote, akalichovya kwenye mchuzi, akalila.

"Vizuri kwa nani? 2015 walitukata. Katanga moja, leo iko ine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Migodi ya kobalti mikubwa imebakia Lualaba. Zamani tulikuwa tunalilia Kinshasa. Leo tunalilia Kolwezi, muji mukubwa ya Lualaba, na Kolwezi iko karibu, tunaona gari zao zinapita." Akacheka. "Na kule Kolwezi, vijiji penye shimo vinalilia governor."

Wengi mjini wanaamini Katanga ilikatwa ili isiwe na nguvu mbele ya Kinshasa. Inawezekana. Mie lililonikaa ni hilo la vijiji na gavana.

Akaniuliza mafuta yetu tunayapata kiasi gani, amesikia redioni kuwa Zanzibar ina mafuta. Nikamweleza kwa kirefu, kwa kuwa hili nalijua kuliko bei ya dagaa. Mwaka 1964 tulipoungana mafuta hayakuwa mambo ya Muungano, yakaingizwa 1968. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi likaazimia yatoke. Vitalu vya baharini upande wa Pemba vililala miaka mingi kwa sababu mwekezaji hajui amalizane na nani. Mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria iliyoiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake, 2016 tukatunga ya kwetu, na Oktoba 2018 tukasaini mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar na RAK Gas, kampuni ya Falme za Kiarabu.

"Na yanatoka ngapi kwa siku?"

"Hayajatoka."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, mkwewe akaja mbio na maji. "Munagombana miaka yote hii juu ya kitu hakijatoka!"

Nikamjibu kuwa afadhali hivyo, tumegombana kwa karatasi kabla hakijatoka, kuliko wao walioanza kuchimba zaidi ya miaka mia iliyopita na mpaka leo wanagawana kwenye kamba na mapipa. Akakubali, kwa shingo upande. Lakini jibu langu mwenyewe halikunituliza. Mie asili yangu ni Wete, Pemba. Barazani kwetu nimeshasema miaka kuwa mafuta ni ya Zanzibar, na sijabadilika. Siku yakitoka ubavuni mwa Pemba, yatatiwa saini Unguja, ofisi zitakuwa Unguja, na hoteli za wageni wa mafuta zitajengwa Unguja. Je, Pemba tuna 25 yetu? Micheweni ina 15 yake? Sijapata kusikia mtu akiuliza, na mie mwenyewe nisingeuliza kama nisingekaa na mzee huyu.

Dagaa waliisha haraka, mama alikuwa na wanunuzi wake. Siku ya kuondoka tukakaa na risiti zangu zote, pamoja na kipande cha daftari la shule. Makubaliano yetu yalikuwa tugawane, ila hatukusema vipi. Akasema yeye amenilaza na kunilisha, basi anirudishie arubaini kwa mia ya nilizolipa njiani.

"Nitakutumia na dereva wa safari inayokuja," akaongeza.

Mzee alikuwa kibarazani na redio yake. Akaipunguza sauti, akanitazama.

Nikamwambia mama arubaini naikubali, lakini aikate hapohapo kwenye mauzo, kabla hela hazijaingia kwenye pochi yake. Mzee akapiga paja. Mama akatusonya sote wawili, akahesabu dola moja moja mezani, na mie nikawa nazipandisha juani, moja moja, nizione kama hazina mchaniko.