Usiku wa Sifuri na Moja

Mwaka 2011, nyumbani kwetu Rau, Moshi, tulikuwa na modemu moja ya 3G kwa watu watatu. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu Huria, aliihitaji usiku, na mama aliingoja jioni asome barua pepe za kaka yetu mkubwa aliyeko Dar es Salaam. Niliamua kuifanya kompyuta ya mezani ya sebuleni kuwa lango, ipokee intaneti kutoka kwenye modemu iliyochomekwa dirishani, mahali pekee penye mawimbi ya kutosha, kisha iigawe bila waya kwa kompyuta nyingine.

Kadi ya kwanza ya mtandao usio na waya niliyonunua haikufaa, kwa kuwa wakati huo kadi nyingi za namna hiyo zilijua kujiunga na mtandao tu, hazikuweza kuuanzisha. Arusha nilipata iliyotumika yenye chipu ya Atheros, na hostapd, programu inayoiwezesha kadi kuanzisha mtandao, ikaipokea. Nenosiri nililiweka kwa WPA2, mfumo wa kulinda mtandao usio na waya. WEP, mfumo wa zamani zaidi, sikuitaka hata kidogo, maana udhaifu wake ulikwisha kuanikwa tangu 2001.

Usiku huo mdogo wangu aliniita kutoka chumbani: "Kaka, imeshika, lakini hakuna kinachofunguka."

Nilikwenda kuangalia. Kompyuta yake ilikuwa imepewa anwani 192.168.10.23, na ilipoliita lango, yaani 192.168.10.1, lilijibu mara moja. Kila kilichokuwa ng'ambo ya lango kilikuwa kimya. Nilishuku kanuni za iptables, programu inayosimamia pakiti, yaani vipande vya data, zinazopita kwenye lango. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani, hazipitishwi kwenye intaneti, kwa hiyo lango hulazimika kuweka anwani yake lenyewe juu ya kila pakiti inayotoka na kukumbuka ni nani aliyeituma, ili jibu lirudi kwa mwenyewe. Niliifuta kanuni hiyo na kuiandika upya mara tatu, ingawa tangu mwanzo ilikuwa sahihi.

Ilikuwa yapata saa saba usiku nilipolisoma faili la ip_forward, linaloamua kama kompyuta ipitishe pakiti za wengine, na kukuta ndani yake tarakimu moja: 0. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ile, isipoelekezwa vingine, huzitupa pakiti zisizokuwa zake, kwa sababu kompyuta ya kawaida ni mwisho wa safari na si njia panda. Niliandika 1. Sijamaliza kuinuka kitini, nikamsikia mdogo wangu akisema, "Imefunguka!"

Asubuhi umeme ulikatika, na uliporudi alasiri lango lilikuwa limekufa tena, kwa kuwa ile 1 na kanuni zangu zote zilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Safari hii niliiandika ile 1 ndani ya sysctl.conf, faili la mipangilio ya kudumu, nikaziweka kanuni katika faili linalosomwa mashine inapowaka, kisha nikaizima na kuiwasha makusudi mara mbili.

Jioni mama alisoma barua ya kaka akiwa mezani jikoni, na modemu haikuondolewa dirishani.