Mzee na nyungunyungu

Leo mvua ya kwanza imetushukia hapa Babati.

Msimu uliopita nilichanganya mahindi na mbaazi, na baada ya kuvuna sikuchoma mabua. Mzee alininunia wiki nzima. "Shamba chafu hilo!" (Kwake shamba safi ni lile jeusi kwa majivu.)

Mvua ilipokatika tukatoka kuangalia. Mtaroni maji mekundu, udongo wa watu unaondoka hivihivi. Kwetu yalikuwa yamezama chini ya mabua.

Mzee akachutama, akafukua kidogo kwa kidole.

Nyungunyungu!

Akamtazama weee, kisha akamfukia taratibu kama anayemfunika mtoto shuka.

Hakusema kitu. Ila jioni akaniuliza nimebakiza mbegu ya mbaazi kiasi gani 😄

Nyie huko kwenu mabua mnachoma, mnalishia ng'ombe au mnayaacha?