Tovuti ilihama salama, barua pepe zikapotea: nilivyotatua

Nilihamisha tovuti ya gesti yetu ya Dunga, hapa Kisumu, kwenye huduma ambayo kampuni husimamia kila kitu: masasisho, nakala rudufu, ulinzi. Bei imepanda, lakini nalala. Tovuti ikawa nyepesi ajabu. Ila barua pepe za wageni zikakatika kabisa.

Nilipekua folda ya taka, nikabadilisha nywila, nikasanidi simu upya mara mbili. Wapi!

Kumbe huduma nyingi za aina hii hazibebi barua pepe, na mimi nilikuwa nimebadilisha nemseva, yaani seva zinazotunza rekodi za domeini (jina la tovuti). Rekodi ya MX, ile inayoonyesha barua zipelekwe wapi, ilibaki kule nilikotoka.

Nikarudisha nemseva za zamani, kisha nikaelekeza rekodi ya A ya domeini (ile inayoonyesha jina liko kwenye seva ipi), pamoja na ya www, kwenye seva mpya. MX sikuigusa. Angalia hapa: MX yangu hutaja jina linaloanza na “mail”, nalo lina rekodi yake ya A. Hiyo iache kwenye seva ya zamani. Ukiihamisha, umerudi palepale.

Kesho yake asubuhi barua zikaingia. Sasa nalipia kote kuwili, kwa kuwa seva ya zamani ndiyo bado sanduku letu la barua.